Daktari wa Jumatano

Vijana wangu wa chumba cha vidonda, mliniomba kurasa chache kuhusu kazi yangu. "Kitu kitamu, Mama Ngalula, cha ukumbusho." Kitamu sina. Nimestaafu na hasira, na haijapoa tangu siku mliponivisha kitenge cha kuagana mkanipigia makofi. Nitawaandikia hivyo hivyo nilivyo. Anayetaka utamu aende sokoni akanunue miwa.

Nilizaliwa hapa Kindu, mtoto wa mtu wa reli. Baba alitoka Kasai na sanduku moja la mbao, akaoa, akazaa, akazikwa hapa hapa, lakini mpaka leo kuna watu wananiita mgeni. Haya. Ugeni huo ulinisaidia kazini kuliko cheti changu, maana mgeni huuliza. Siku yangu ya kwanza hospitalini niliuliza maswali mengi hata mkuu wetu wa wauguzi, Baba Asumani, akaniambia nifunge mdomo kwanza na nimtazame anavyofanya.

Baba Asumani alikuwa mfupi, mnene, mwenye koti jeupe ambalo mkewe alikuwa amelitia viraka vya kutosha kushonea koti jingine. Kabla ya kumgusa mgonjwa alisimama mlangoni akauliza kwa sauti: "Humu ndani, nani ni nani wa nani?" Watu wakajieleza mmoja mmoja. Mimi dada yake. Mimi jirani. Mimi mukwe wake. Akisikia hilo neno mukwe alionyesha mlango kwa kidole, na mtu akatoka bila kununa. Ninyi mliokulia Kinshasa huenda hamjui uzito wake. Mama wa mke wako ni mukwe wako, na baba wa mume wako ni mukwe wako, nao wanakuita wewe hivyo hivyo. Kwa watu wetu wa huku mama hali mbele ya mume wa binti yake, hakai naye uso kwa uso, na mwili wake hautajwi pale alipo, hata kama ni mguu tu uliovimba. Baba Asumani aliita kazi hiyo kufagia chumba. Alisema usipofagia, mgonjwa hatakwambia kitu, utabaki unatwanga maji.

Niliyaona hayo siku ile ile. Aliletwa mzee mkulima wa Pangi, anatembea amejikunja, jasho linamtoka, na mke wa mwanawe amemshika mkono. Nikamuuliza anaumwa nini. Akasema haumwi, amekuja kusalimia tu. Kusalimia! Hospitali nzima hakumjua hata mtu mmoja. Baba Asumani akaja, akafagia, yule mke wa mwana akatoka. Mzee akavuta pumzi, akacheka, akafungua suruali. Ngiri yake ilikuwa kubwa kama papai. Baba Asumani akanitazama tu, akaenda kuwasha jiko la kuchemshia vyombo.

Hayo ndiyo masomo yangu. Vyombo vyetu vilikuwa vichache: sufuria la kuchemshia sindano, koleo mbili, mkasi uliokuwa unatafuna bandeji badala ya kuikata, na pua. Pua msiidharau. Muuguzi wa vidonda anajua kidonda kinaendaje kabla ya kukifungua, na hakuna mashine iliyoletwa Kindu yenye pua.

Kisha vita. Sitawasimulia vita vyote, wenzangu wengi wanavisimulia vizuri na wengine wanavisimulia hata kama hawakuwepo. Nitasema la kazi yetu tu. Treni ililala. Barabara ya Kalima ikawa ya watu wenye kinga, zile baiskeli zetu za mizigo, wanasukuma usiku na kujificha mchana. Chumvi ikawa kitu cha kupimwa kwa kijiko. Madaktari waliondoka mmoja mmoja kwa ndege, na wa mwisho, daktari wetu wa upasuaji, alikwama Goma asiweze kurudi. Tukabaki wauguzi na Baba Asumani, ambaye wakati huo macho yalikuwa yameanza kumwacha.

Daktari huyo tulimpata kwa foni, ile redio ya kuongea kutoka mji hadi mji. Ilikuwa katika depo ya mfanyabiashara mmoja, Salumu, karibu na bandari, kwenye chumba kilichokuwa cha magunia ya chumvi na sasa kilikuwa cha magunia matupu. Askari walituruhusu asubuhi kidogo, kisha ilibidi izimwe. Na foni, kwa wale ambao hamkuiona, haina siri. Unachomwambia mtu wa Goma anakisikia mtu wa Kasongo, wa Punia, na mchuuzi yeyote aliyefungua redio yake akitafuta habari za ndege.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo hasira yangu inapoanzia. Waliletwa watu wengi pale, wakiwa wamebebwa, na wote walifikiri wanaletwa kwa daktari. Hatukumdanganya hata mmoja. Alikuja mama kutoka njia ya Kalima, mumewe amemsukuma juu ya kinga, kajifungua msituni wakikimbia, na kondo la nyuma lilikuwa bado tumboni. Homa, harufu, macho yamezama. Nikainama kwenye sikio lake nikamwambia, "Mama, dokotoro hayuko. Iko sauti yake tu, na batu bengine banaweza kuisikia. Nitasema mambo ya mwili wako mbele yao. Unakubali?"

Alimtafuta mumewe kwa macho. Kisha akasema, "Jina yangu usitaje."

"Nikuite nani?"

"Sema tu mwanamke wa Kalima."

Tukamlaza juu ya magunia nyuma ya pazia. Baba Asumani akafagia: mume akae, kaka wa mume atoke. Salumu mwenyewe, ambaye ndiye aliyejua kushika ile foni, aligeuza kiti chake. Alikaa akiangalia ukuta, anafinya kifungo nikisema, anakiachia daktari akijibu, na hakugeuza shingo hata mama alipopiga kelele. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Daktari aliniongoza neno kwa neno, mkono wangu uende wapi, usimame wapi, usivute. Sauti inakuja, inapotea, inakoroma, inarudi. Kondo likatoka.

Alipona. Na wiki zilizofuata, kila foni ilipofunguliwa, kabla ya sisi kusema kitu tulisikia sauti za watu tusiowajua: "Kindu, Kindu, mwanamke wa Kalima anaendeleaje?" Mchuuzi mmoja wa Kasongo alimtumia chumvi kwa watu waliokuwa wanapita na kinga. Mwili wake ulisikika nchi nzima, haki ya Mungu, na hakuaibika, kwa sababu aliulizwa. Alichagua yeye mwenyewe kipi kitoke na kipi kibaki.

Vita vilipoisha nilifikiri mabaya yamekwisha. Baba Asumani alikufa kitandani mwake kama mtu. Treni ikaamka, ikalala, ikaamka tena. Mimi nikahamia kliniki hii yetu, ambayo jina lake siliandiki kwa sababu sitaki waseme nimewachafua. Nilipewa chumba cha vidonda, mkaja ninyi mmoja baada ya mwingine, na miaka ikapita kwa amani kiasi, tukifunga majeraha ya wachimbaji na ya watu wa pikipiki, ambao siku hizi wanatuletea kazi kuliko askari.

Kisha ikaja ekrani, kioo cha kumwonea daktari aliye mbali.

Ililetwa na mradi, kwenye maboksi mazuri, pamoja na sahani za jua na betri. Jumatano kwa Jumatano madaktari bingwa wa Kinshasa wangewaona wagonjwa wa Kindu wakiwa kule kule kwao. Msinielewe vibaya. Mimi ni mtu niliyetoa kondo la nyuma kwa sauti ya redio, siwezi kuchukia mashine. Nilifurahi. Nilipiga kigelegele siku ya kuifungua, mnakumbuka.

Lakini redio ya mjini ilitangaza nini? "Daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na upasuaji kutoka Kinshasa atapokea wagonjwa kila Jumatano." Hivyo tu. Neno ekrani halikutajwa. Nilipomwuliza Mkurugenzi wetu, kijana wa suruali iliyopigwa pasi vizuri, alisema habari ni ile ile. Habari ile ile! Mtu akikwambia mjomba wako amekuja kula nawe, kisha unakuta picha yake mezani, ni habari ile ile?

Watu wakaja. Kutoka Kama, kutoka Tunda, kutoka Kalima, juu ya pikipiki, ndani ya mitumbwi, kwa miguu. Wanawake wamesuka nywele kwa ajili ya daktari. Jumatano ya kwanza aliingia mzee mmoja wa Tunda, amevaa koti, ameshika kuku aliyefungwa miguu. Kuku wa kumshukuru mganga, kama inavyofanywa. Akakuta kile kioo na mtu ndani anamwambia "Bonjour, papa." Mzee akavua kofia, akaitika, akaenda nyuma ya ekrani kuangalia. Akarudi.

"Dokotoro iko wapi?"

Wakamwambia ndiye huyo.

"Njo huyu? Na mukono wake?"

Yule wa Kinshasa akacheka, akasema, "Papa, eleza tu." Mzee akamkumbatia kuku wake. "Huyu kuku ni wa mukono wenye utanigusa," akasema. "Hapa sioni mukono." Akavaa kofia, akatoka, akapanda pikipiki iliyomleta. Sisi pale uani tulicheka. Yeye hakucheka, na ugonjwa wake aliondoka nao.

Wengine hawakuwa na ujasiri wa mzee huyo. Waliingia, wakashtuka, wakajibu chochote, wakatoka na vidonge. Nilikuwa nawaona wakikaa kwenye ngazi wanavigeuza mkononi. Dada mmoja mchimbaji wa dhahabu wa Kama aliniuliza kama picha yake itaonyeshwa saa ya habari.

Na sisi wauguzi tulitolewa chumbani. Mkurugenzi alisema mtu mmoja anatosha: fundi wa mashine, ambaye pia atafasiri, maana madaktari wa kule wanasema Kifaransa na Lingala. Fundi huyo aliitwa Trezor. Mnamjua, mtoto mzuri, mpole, ana adabu. Alikuwa ameoa binti wa Kama anayeitwa Feza. Wagonjwa hawakuitwa tena kwa majina. Walipewa kipande cha karatasi ngumu chenye namba, na mtu akaingia kwa namba yake. Trezor hakujua nani anaingia, na anayeingia hakujua atamkuta nani.

Jumatano moja aliingia Mama Feza. Mama mzazi wa mke wa Trezor.

Alikuwa na uvimbe kwenye titi. Alikuwa ameubeba mwenyewe kifuani, hakumwambia hata binti yake, mpaka aliposikia redio inasema bingwa wa wanawake amefika. Akaazima pikipiki ya jirani na dereva wake, akaja kutoka Kama kwa njia zile za matope. Alijua mukwe wake anafanya kazi ya mradi fulani mjini, basi. Akafungua mlango, akakuta ekrani, na mbele ya ekrani, na vile vitu masikioni, mume wa binti yake.

Yaliyotokea ndani nimeambiwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na maneno yao yanalingana. Mama alijifunika uso kwa kikwembe alichojifunga akageukia ukuta. Trezor alisimama, akataka kutoka. Lakini mashine ilikuwa imewashwa, daktari ameshaanza "Bonjour, maman", rezo, huo mtandao wetu, ni ya kubembeleza, ikikatika foleni nzima inalala njaa ya daktari. Mkurugenzi alikuwa amemwonya asiondoke kwenye kiti hata akifiwa. Daktari akauliza ana shida gani. Trezor, amekodolea macho sakafu, akafasiri:

"Mama, anauliza... wapi inauma?"

Na Mama Feza akajibu ukuta: "Kichwa."

Daktari akamwomba asogee karibu na kamera. Hakusogea. Akapewa vidonge vya kichwa, akapanda pikipiki, akarudi Kama.

Siku hiyo mimi nilikuwa chumba cha pili, nafunga mguu wa mchimbaji. Ukuta mmoja tu! Kungekuwa na mtu wa kusimama pale mlangoni na kuuliza nani ni nani wa nani, Trezor angetoka, mimi ningeingia, na mama angefungua kifua chake. Lakini mradi haukuwa na nafasi ya mtu wa mlangoni. Ulikuwa na nafasi ya mtu wa kupiga picha za ripoti.

Alirudi mvua zilipokwisha. Safari hii Feza ndiye aliyemleta, na hakumpeleka kwenye ekrani, alimleta kwangu. Nilikuwa nimebakiza siku chache za kazi. Kabla hajafungua kikwembe nilishajua. Pua ilijua. Nikafagia chumba, ingawa alikuwa na binti yake tu, nikafungua. Sitaandika nilichokiona. Ninyi wawili mliokuwa nami mlikiona, na mmoja wenu alitoka nje.

Nikamwita daktari wetu, huyu wa nyama na damu tuliye naye siku zote, ambaye ofisi yake iko hatua chache kutoka kwenye ile ekrani na ambaye hakuna redio iliyowahi kumtangaza. Akamgusa mama taratibu, chini ya kwapa, shingoni, tumboni. Akatoka kunawa. Alinawa muda mrefu sana. Nilipomfuata alitikisa kichwa tu.

"Angekuja mapema?" nikamwuliza.

"Mama Ngalula, usinitese," akasema.

Nikarudi ndani. Feza alikuwa amekwenda kuchota maji. Nikamwuliza mama, kwa upole wote niliokuwa nao, kwa nini siku ile alisema kichwa.

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mjinga. "Sasa wewe ulitaka niseme nini? Mutoto aliniuliza wapi inauma. Nilimupatia yenye anaweza kubeba."

Kisha akaniambia jambo lililokuwa linamuuma kuliko kidonda. Siku ile, akimngoja dereva wake nje, alikuwa amemwona Trezor akiifunga ile mashine kwenye mkoba na kwenda nayo nyumbani, kwa sababu ya wezi. "Hata angetoka," akasema, "ningevua nguo mbele yake, picha yangu ibakie ndani, na jioni yeye alale nayo mu nyumba ya mutoto wangu?" Nikacheka kidogo, nikamwambia hapana, picha haibaki. Halafu nikaenda kumwuliza Trezor. Akainamisha kichwa. Inabaki, akasema. Mradi unataka zote zitunzwe.

Ee mawe! Nilitembea mpaka ofisi ya Mkurugenzi na glavu zangu mkononi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akasema, "Mama Ngalula, nasikitika sana. Lakini mgonjwa alisema kichwa. Daktari atatibu nini zaidi ya anachoambiwa?"

"Alisema kichwa kwa sababu mlimweka mukwe wake mbele yake!"

"Hayo ni mambo ya mila. Watu watazoea."

"Kwa nini redio haikusema ni ekrani?"

Akakunja uso, akapanga kalamu zake. "Tungesema ekrani, Mama, wasingekuja."

Hapo nilipata jibu langu. Kumbe walijua. Si kusahau, si haraka, si rezo. Walijua kabisa kwamba mtu akiambiwa ukweli atachagua, na wakaona heri asichague. Nilimwambia maneno ambayo mwanamke wa umri wangu hamwambii mtu wa umri wa mwanawe, na siyafuti hata moja. Wiki ile ile wakaniaga kwa kitenge na fanta. Mkurugenzi alikuwa Kinshasa siku hiyo, akatoa hotuba yake ya kunishukuru kupitia ekrani. Mlishangaa kwa nini niligeuza kiti changu.

Mama Feza hakuweza kulala kwa binti yake, maana nyumba ile ni ya mukwe. Kwao Kama ni mbali na bandeji hakuna. Nikamchukua kwangu. Nilimfunga kidonda asubuhi na jioni, nikamlisha wali na sombe, majani yetu ya muhogo, akawa ananicheka kwa sombe yangu ya Kasai isiyo na mawese ya kutosha. Trezor alikuja kila siku. Haingii. Anasimama nje ya lupango, ua wa nyumba yangu, nyuma ya uzio wa michongoma, na ndoo ya maji au mkungu wa ndizi, anaviweka chini, anaita, "Mama Ngalula, mama ameamkaje?" Nami nampa jibu. Siku moja nilimkuta bado amesimama pale pale, analia bila sauti.

"Ningetoka, Mama," akaniambia. "Wangeniambia tu nani anaingia. Ningetoka mbio."

"Najua, mwanangu," nikamwambia. "Najua."

Mama Feza alikufa asubuhi, Feza amemshika mkono. Tulimzika Kama. Kwenye matanga nilikaa na wanawake wa ukoo wao, na waliponiuliza amekufa na nini sikusema ni Mungu tu. Niliwaeleza yote: ekrani, namba, nani anashika mashine, picha zinakaa wapi. Mdogo wake Mama Feza, mama mwembamba asiyeongea sana, aliniomba nirudie. Nikarudia.

Tangu hapo kila Jumatano naenda getini kwenu. Mnaniona, mnafikiri nimekosa kazi. Ni kweli, nimekosa kazi, hiyo ndiyo maana ya kustaafu. Kila anayeshuka pikipiki namsalimu na kumwambia: "Daktari hayuko hapa, yuko Kinshasa, utamwona kwenye ekrani. Anayeshika mashine ni Trezor, mume wa Feza wa Kama. Picha yako itabaki, ila ukikataa sema, ni haki yako." Wengine wanageuza. Wengi, tena wengi sana, wanaingia. Wasingekuja, alisema! Mkurugenzi alimtuma mlinzi aniondoe. Mlinzi akaja mpaka karibu yangu, akakohoa, akasema barabara ni ya serikali, akarudi kukaa.

Jumatano iliyopita alishuka yule mdogo wake Mama Feza. Hakunisalimu kwanza. Alikuwa amefunga kikwembe chake kwa nguvu kifuani, mkono mmoja juu yake, na moyo wangu ukapiga pa!

"Trezor iko ndani?" akauliza.

"Iko."

"Mwambie mukwe wake, mama mudogo wa Feza, iko kwenye mlango. Atoke. Na mashine isishike picha yangu."

Nikaingia, nikamwambia. Trezor akavua vile vitu vya masikioni, akaonyesha mmoja wenu kifungo cha kufinya na kingine cha kutofinya, akatokea mlango wa nyuma, akapita nyuma ya ghala bila kutazama upande wa geti. Mkurugenzi akatoa kichwa dirishani kuuliza kwa nini foleni imesimama. Yule mama akaingia, mlango ukafungwa.

Aliyomwambia daktari siyajui, wala si kazi yangu kuyajua. Alikaa ndani muda mrefu. Mimi nilirudi getini, nikakaa juu ya lile jiwe la kusimamishia pikipiki, nikalia mbele za watu, mzee mzima, kwa hasira, kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo.